Hata pango hubishiwa hodi

Mwezi uliopita nilipokea barua kutoka kwa mwalimu mmoja wa shule ya upili katika kaunti ya Kwale. Alinieleza kwamba wanafunzi wake wameshikwa na hamu ya kuingia mapangoni, na kwamba baadhi yao hujipenyeza humo siku za Jumamosi bila kumwambia mzazi wala mwalimu. Badala ya kuwachapa marufuku, ambayo aghalabu huwa ni kichocheo tu kwa vijana, mwalimu huyo aliniomba nimjibu maswali mawili. Anayetaka kuanza kuyachunguza mapango aanzie wapi? Na mapango yenyewe atayapataje?

Huenda msomaji akastaajabu. Mwanaisimu na mapango, wapi na wapi? Mwalimu huyo alikuwa na sababu yake ya kuniuliza mimi. Yeye na mimi tuliwahi kukaa gizani pamoja, chini ya ardhi, kwa muda wa saa sita. Kosa lilikuwa langu, na yeye ndiye aliyelilipia kwa kifundo cha mguu wake.

SAA SITA GIZANI

Ilikuwa mwaka wa 2009. Nilikuwa nikifanya utafiti wa shahada ya uzamifu kuhusu majina ya mahali katika pwani ya kusini, naye alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyenisaidia kuandika na kurekodi. Tulifikia katika kijiji kimoja, tukaelekezwa kwa mzee aliyesifika kwa kuijua ardhi ile. Kwa siku mbili nilimwuliza majina ya visima, ya mashamba, ya njia na ya miti mikubwa, naye alinijibu kwa uvumilivu mkubwa. Pango sikumwuliza, kwa kuwa sikujua kama lipo.

Siku ya tatu watoto wakatuambia kwamba nyuma ya minazi kuna pango. Nilipaswa kurudi kwa yule mzee. Lakini kiburi cha msomi hakina dawa. Nilijiambia kwamba shimo ni shimo tu, na shimo halina cha kuulizwa. Tukaingia saa nne asubuhi, mimi, mwanafunzi wangu na kijana mwingine wa kutubebea mizigo. Tulikuwa na tochi moja na simu yangu ya mkononi. Hatukumwaga mtu yeyote.

Tulipita mahali palipotulazimisha kutambaa, tukafika penye popo wengi, kisha tukapita kandokando ya kidimbwi cha maji. Mbele ya hapo njia ilikuwa nyembamba na sakafu ilianza kuteremka. Mwanafunzi wangu, aliyekuwa mbele na tochi, aliteleza akatumbukia katika shimo lililozidi kimo chake. Nikasikia kishindo, kisha ukelele, kisha kimya. Tochi ilikuwa imevunjika, na kifundo cha mguu wake kadhalika.

Simu ilitumulikia kwa muda mfupi, nayo ikazima. Mtandao haukuwepo. Giza la pangoni si giza la usiku, msomaji. Usiku macho hatimaye huzoea. Pangoni hayana la kuzoea. Nilijaribu kurudi nyuma kwa kupapasa, nikashindwa kujua nyuma ni wapi. Ndipo nilipokumbuka kwamba hapakuwa na mtu yeyote juu ya ardhi aliyejua tulipo.

Kilichotuokoa ni mfuko wangu wa vitabu. Niliuacha mlangoni, na mmoja wa wale watoto alipouona ungali pale alasiri akaenda kumwambia mzee. Ilikuwa yapata saa kumi tuliposikia sauti kwa mbali ikisema, “Hodi!” Ikanyamaza, ikarudia, ikanyamaza, ikarudia mara ya tatu. Nami bila kufikiri nikaitikia, “Karibu!” kana kwamba pale palikuwa kwangu.

Mzee alikuja na vijana wawili, karabai na kamba. Hakutugombeza. Lakini tulipokuwa tukitoka, yeye mbele na majeruhi mgongoni mwa kijana mmoja, alikuwa akitaja jina la kila mahali tulipopita. Penye maji paliitwa Kisimani. Penye popo ni Kwa Popo. Pale pa kutambaa jina lake ni Inama. Nikamwuliza, “Na kule tulikoangukia, mzee?”

“Kule panaitwa Usipite,” akanijibu. “Mwanangu, ulikuja kuniuliza majina ya mahali. Hilo hukuniuliza.”

Jioni, barazani kwake, aliongeza neno moja ambalo sijalisahau. Alisema kwamba waliopaita mahali pale Usipite hawakuwa wakipamba maneno. Walikuwa wamempoteza mtu.

MAPANGO YAKO WAPI?

Nimesimulia kisa hicho kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna jibu la swali la kwanza. Lakini tuanze na la pili, kwa kuwa nchi hii imejaliwa mapango kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Mapango hufuata mawe. Huko pwani, ardhi imekaa juu ya mawe ya matumbawe na ya chokaa. Maji ya mvua yanapopenya katika udongo huchukua hewa ya ukaa na kugeuka asidi dhaifu, nayo asidi hiyo huyayeyusha mawe polepole kwa maelfu ya miaka. Ndiyo asili ya mapango ya Shimoni na ya Fikirini huko Kwale, na pia ya Amboni karibu na Tanga katika nchi jirani ya Tanzania. Jina Shimoni lenyewe ni tangazo: ni neno “shimo” lililotiwa kiambishi “-ni” cha mahali.

Katika Bonde la Ufa asili ni tofauti kabisa. Msomaji aliyewahi kuupoza uji katika bakuli ameona jinsi unavyofanya utando juu huku chini ungali moto. Lava iliyotiririka kutoka katika volkano nayo ilifanya vivyo hivyo. Juu iliganda, chini ikaendelea kutiririka hadi ikaisha, na kilichobaki ni mfereji mtupu wenye dari ya mawe. Dari ilipoporomoka hapa na pale, milango ikapatikana. Mlima Suswa, wenye urefu wa mita 2,356, una mapango mengi ya namna hiyo, na katika baadhi yake nyani huingia kulala jioni. Katika vilima vya Chyulu kuna pango liitwalo Leviathan, mojawapo ya mapango marefu zaidi ya lava duniani, ambalo sehemu zake zote pamoja zina urefu unaozidi kilomita 11.

Aina ya tatu iko katika Mlima Elgon. Huko ndovu wamekuwa wakiingia katika pango la Kitum usiku, wakipapasa gizani kwa mikonga yao na kuuchonga ukuta kwa pembe ili wapate chumvi. Hata watu waliyafanya mapango ya mlima huo makazi. Mskoti Joseph Thomson, aliyefika huko mwaka wa 1883, aliwakuta wenyeji wakiishi ndani pamoja na mifugo yao. Na nani asiyejua kwamba katika miaka ya 1950 wapiganaji wa Mau Mau walipata hifadhi katika mapango ya Nyandarua na Mlima Kenya?

Hata hivyo, kuijua orodha hiyo si kulipata pango. Mapango mengi hayamo katika ramani yoyote. Yamo vinywani mwa watu, na ufunguo wake ni lugha. Mathalan, mwaka wa 2021 ulimwengu ulishangazwa na habari kutoka Kilifi, mahali paitwapo Panga ya Saidi. Wataalamu, wakiwemo wale wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, walitangaza kwamba wamepata kaburi la mtoto wa umri wa miaka isiyozidi mitatu, aliyezikwa yapata miaka 78,000 iliyopita. Hilo ndilo kaburi la kale zaidi la binadamu linalojulikana barani Afrika, na mtoto huyo wakampa jina la Kiswahili, Mtoto. Mwanafunzi wangu mmoja kutoka bara aliniuliza kwa nini mahali paitwe kwa silaha ya Saidi. Alidhani ni panga la kufyekea! Katika lugha za Wamijikenda, panga ndilo pango. Asiyejua hilo angeweza kupita mbele ya jina hilo kila siku asijue kwamba linamwonyesha mlango.

KUULIZA SI UJINGA

Sasa tuje kwa swali la kwanza. Vitabu vya wageni humwambia anayeanza kwamba kifaa cha kwanza ni taa. Mimi nasema kifaa cha kwanza ni swali. Pango lolote utakaloliendea lina wenyewe. Huenda ni serikali ya kaunti, hifadhi ya wanyama, jamii inayolitumia kwa maombi na matambiko, au mkulima ambaye shamba lake liko juu yake. Wenyewe hao ndio wanaojua maji hupanda lini, chui hulala wapi, nyuki wako upande gani, na nani aliwahi kupotea humo.

Katika historia ya mapango yetu, wengi wa waliosifiwa kwa kuyavumbua walikuwa wageni. Sina nia ya kuwadharau. Chama cha wapenzi wa mapango kilichoanzishwa Nairobi katika miaka ya 1960 kilifanya kazi ya maana sana ya kupima na kuchora mapango ya Suswa na Chyulu, wakati ambapo sisi tulikuwa hatujishughulishi. Lakini tutambue kwamba mara nyingi mgeni huyo aliongozwa na mtu wa pale, mfugaji au mrina asali, ambaye jina lake halikuandikwa. Kijana wa Kenya anayeanza leo ana bahati ambayo mgeni hakuwa nayo: anaweza kuuliza kwa lugha ya anayejua.

Aulize nini basi? Aulize pango linaitwaje, na kwa nini. Aulize kila sehemu ya ndani inaitwaje. Aulize nani huruhusiwa kuingia, kwa wakati gani, na kama viatu huvuliwa. Kisha amwombe mwenyeji aongoze, na amlipe ujira wake. Mzee akisema leo haiwezekani, basi leo haiwezekani.

VYA KUBEBA NA VYA KUACHA

Baada ya swali, vifaa. Kila mtu, wala si kila kikundi, awe na mianga mitatu: taa ya kichwani, tochi ya pili na tochi ndogo ya akiba, pamoja na betri zaidi. Avae kofia ngumu yenye kamba ya kidevuni, buti zisizoteleza, suruali ndefu na glavu. Abebe maji, chakula kidogo na vifaa vya huduma ya kwanza.

Watu wasipungue wanne. Mmoja akiumia, mmoja atabaki naye na wawili wataenda kuita msaada pamoja. Hali kadhalika, kabla ya kuingia, mtu wa kuaminika aliye nje aandikiwe majina ya wanaoingia, pango wanaloingia, na saa ambayo akiipita bila kuwaona atafute msaada. Laiti ningalifanya hilo moja tu mwaka wa 2009, mwanafunzi wangu asingalisubiri saa sita kwa rehema ya mfuko wa vitabu. Anayeanza aepuke pia mashimo ya kushuka kwa kamba na mapango yenye maji mengi. Hayo yana mafunzo yake.

Mvua isidharauliwe. Huko Thailand, tarehe 23 Juni 2018, wavulana 12 na kocha wao wa kandanda waliingia katika pango la Tham Luang, mvua ikanyesha na maji yakawafungia njia. Wa mwisho wao alitolewa tarehe 10 Julai, na mmoja wa wapiga mbizi waliokwenda kuwasaidia alipoteza maisha. Hapa kwetu, mafuriko ya ghafla yaliwaua vijana katika korongo la Hell’s Gate mwaka wa 2012, na yakaua tena mwaka wa 2019. Mvua inayoua huenda ikawa imenyesha mbali, mahali ambapo aliye ndani hawezi kuiona wala kuisikia.

Kuna na adui asiyeonekana. Mwaka wa 1980, na tena mwaka wa 1987, watu waliokuwa wamelizuru pango la Kitum walifariki kwa ugonjwa wa Marburg. Mwaka wa 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki kwa ugonjwa huo huo baada ya kuingia katika pango moja la popo nchini Uganda. Wataalamu wamethibitisha kwamba virusi vyake hubebwa na aina moja ya popo wanaokula matunda. Isitoshe, vumbi la kinyesi cha popo huweza kuwa na kuvu linalodhuru mapafu. Kwa hivyo nawashauri walimu wasiwapeleke wanafunzi katika pango lenye makundi makubwa ya popo wa matunda, hata kama wana glavu na barakoa. Hilo si kusema popo wauawe. Popo hula wadudu waharibifu, nao wale wa matunda huchavusha maua ya mbuyu na kusambaza mbegu. Wao ndio wenye nyumba. Sisi tukae mbali nao.

Na vya kuacha? Acha kila kitu kama ulivyokikuta. Nguzo ya chokaa inayoning’inia darini ilijengwa tone kwa tone kwa karne nyingi, na mtu huivunja kwa sekunde moja ili apate kitu cha kuweka juu ya kabati. Ni jambo la kusikitisha kwamba katika mapango mengi yaliyo karibu na barabara, kitu cha kwanza anachokiona mgeni ni majina ya wapenzi yaliyoandikwa kwa rangi. Mfupa au kigae ukikiona, usikiguse. Sheria ya Makavazi na Urithi ya mwaka wa 2006 inakataza kuchimbua vitu vya kale bila idhini. Laiti mtu angalilichimbua kaburi la Mtoto kwa jembe, leo tusingalikuwa na habari yoyote ya kusimulia.

WAJIBU WA SHULE

Wapo watakaosema kwamba kwa hatari zote hizo, heri vijana wakatazwe. Naiheshimu hofu yao, lakini siafikiani nao. Barua niliyoipokea inaonyesha kwamba vijana wanaingia tayari. Tofauti kati ya kijana anayeingia na mwalimu na kijana anayejipenyeza ni kwamba wa pili hana kofia, hana tochi ya pili, na hakumwaga mtu. Marufuku haimwondolei hamu. Humwondolea msaada tu.

Itakumbukwa kwamba vilabu vya wanyamapori vilianza nchini mwaka wa 1968 kwa juhudi za wanafunzi wa shule za upili, navyo vikawafundisha maelfu ya vijana kumwona ndovu kama urithi wala si nyama. Kwa nini vilabu hivyo visiyatie na mapango katika shughuli zao? Pango moja ni darasa la jiografia, la biolojia, la historia na, niruhusiwe kuvutia upande wangu, la lugha. Mtaala wa sasa, unaotilia mkazo umilisi, unawataka wanafunzi wajifunze kwa kutenda. Kumwuliza mzee, kuandika majina, kupima kwa utepe na kuchora ramani ni kutenda.

Hapo lugha si pambo. Mzee aliyetutoa gizani alifariki mwaka wa 2016. Majina aliyonitajia yamo katika daftari langu na katika tasnifu iliyo juu ya rafu ya maktaba, mahali ambapo mvulana wa Kwale hatafika kuyasoma. Mwalimu aliyeniandikia ndiye yule mwanafunzi wangu wa 2009, na leo anafundisha si mbali na kijiji kile. Ananiambia kwamba miongoni mwa mapango wanayoingia wanafunzi wake siku za Jumamosi ni lile lile letu. Amewauliza kule ndani, mbele ya maji, panaitwaje. Hakuna hata mmoja aliyejua.

Basi nimemjibu hivi. Jumamosi ya kwanza, msiingie. Nendeni mkakae na wazee waliobaki, wanaume kwa wanawake, mwandike kila jina wanalolikumbuka. Jumamosi ya pili, fikeni mlangoni tu, mwajaribu taa zenu na mwaandike watakaowasubiri nje. Jumamosi ya tatu, mwenyeji akikubali na mbingu ikiwa nyeupe, ingieni hadi Kisimani, kisha mrudi. Na kabla ya yote hayo, yeye mwenyewe awaketishe wanafunzi wake darasani, avue kiatu na soksi, awaonyeshe kifundo chake, na awafundishe jina la mahali alipokiumizia.